Maombi ya Kumuitisha Baraka

Jumamosi, saa kumi na moja jioni

Sasa nitawaambia nini hawa wamama wa kanisa? Tangu juzi tunaomba pamoja ekipe moja, timu ya Amerika, imuchague Baraka wangu, katika mpira wao ule wa kushika mikononi. Siku mbili wanaita majina, lake bado. Leo ndiyo ya mwisho.

Asubuhi amenipigia. "Mama, muache kuomba niitwe."

"Weye! Unakataza maombi?"

"Wakiniita mwisho kabisa, nitalazimika kwenda kwa ekipe iliyoniita, hata kama iko na wazuiaji wengi kama miye. Nisipoitwa niko huru, nitaenda kwa ekipe yenye haina wazuiaji."

Mutoto ana akili! Urefu ni wa baba yake, akili ni yangu.

Lakini asipoitwa, na kisha hakuna hata ekipe moja inayomutaka? Hilo sikumuuliza.

Mama Furaha anabisha mlangoni: "Mama Baraka, twende! Leo mbingu lazima zitusikie!"

Nitapiga magoti katikati yao. Wakilia "Aitwe!", miye nitasema "Apate kazi," polepole, wasinisikie.