Mzee Fakihi hajausahau uso wa mkewe

Newala, Jumanne 17 Juni 2025. Asubuhi ukungu mzito na baridi, hadi saa tatu barabara haionekani.

Mama Violet, shikamoo. Naomba unisikilize hadi mwisho, maana jambo hili nimelifanya mwenyewe na hakuna aliyenituma.

Mimi ni mpiga picha, nina studio ndogo hapa Newala mwaka wa saba sasa, na wateja wangu wanapenda sura laini isiyo na alama, kwa hiyo naweka taa mbili mbele, kisha nasafisha uso kwenye kompyuta, na sijawahi kulalamikiwa. Tarehe 4 Novemba mwaka jana Mzee Fakihi wa Kitangari alimleta mkewe, Bi Mwanne, aliyekuwa na chale mashavuni na kwenye paji la uso, zile za bibi zetu, nami bila kumuuliza mtu nikazifuta zote nikidhani namfanyia hisani, na Mzee alipoichukua picha aliitazama sana, akasema, "Ahsante mwanangu," akaondoka.

Bi Mwanne alifariki mwezi Machi. Siku ya arobaini nilikwenda, nikaikuta picha yangu ukutani kwenye fremu kubwa, na Mzee akamuuliza mwanawe Sharifu mbele ya watu, "Huyu mliyemtundika hapa ni nani?" Sharifu akamjibu kwa upole, "Baba, si ni mama huyu," Mzee akasema, "Mama yako namjua. Huyu simjui." Watu wakatazamana, wakaanza kunong'ona kwamba akili zinamtoka, na mimi nilinong'ona nao, Mungu anisamehe. Sasa Sharifu anakuja Jumamosi hii kumhamishia Lindi, anasema mtu asiyemkumbuka hata mkewe hawezi kuachwa peke yake, na Mzee hataki kuondoka kwa sababu kaburi liko pale pale nyuma ya mikorosho yake.

Wiki iliyopita nilikwenda Masasi kwenye mafunzo ya taa, siku mbili za vitendo. Mwalimu wetu, Gwakisa, mtu wa Mbeya, alimwomba Bibi Paskalia aliyekuwa akituletea chai na mihogo akae kitini, naye ana chale kama za Bi Mwanne. Nikaambiwa nizime taa moja, ile nyingine niisogeze pembeni taratibu, kila hatua nipige picha, na kadiri taa ilivyokwenda ubavuni ndivyo mistari ile ilivyoinuka, mmoja baada ya mwingine, hadi nikaona uso ambao nisingeuona kwa taa zangu mbili. Kwa mazoea nikamwambia, "Usijali bibi, nitazisafisha."

"Uzisafishe, kwani ni uchafu?" akasema. "Nilikatwa nikiwa msichana, nikauma nguo nisilie. Marehemu mume wangu alikuwa akizipapasa gizani, anajua ni mimi. Ukizifuta utakuwa umempiga picha nani?"

Darasa zima lilicheka. Mimi nilitoka nje.

Mume wangu ananiambia, "Mama Grace, acha. Mzee ana miaka themanini na tatu, hata bila picha yako angesahau. Ukisema, nani atakuja tena studio?" Picha ya awali ninayo, kila kazi naitunza kwa tarehe. Nifanye nini? Shajara yangu ya jana inaishia hivi: nimelala saa nane na dakika kumi usiku.

Mama Grace

---

Marahaba, Mama Grace.

Pole. Nakuona ni mtu mwenye moyo, asiye na moyo hulala usingizi wake mapema. Lakini nakugombeza pia, maana tangu utoke Masasi umekaa na jibu ndani ya kompyuta huku mzee wa watu anaitwa mwehu kwa kosa lako. Kila siku unayonyamaza, unamfuta na yeye.

Mumeo anaogopea studio. Mwambie mimi nimesema atakula tu.

Usisubiri Jumamosi. Kesho chapisha ile picha ya awali, kubwa kama iliyoko ukutani. Usiiongeze wala kuipunguza kitu. Chale zikionekana kwa mbali kwa sababu ya taa zako, ziache kwa mbali hivyo hivyo. Mpigie Sharifu, mwambie aje siku moja kabla, una neno kuhusu mama yake. Usimweleze kwenye simu.

Mkifika Kitangari, msalimie Mzee, kaa chini, umpe picha mkononi mwake yeye, si mwanawe. Kisha sema mbele ya wote: "Mzee, ulisema kweli. Mimi ndiye niliyemfuta Bi Mwanne usoni." Sharifu anaweza kukufokea. Mwache afoke, ni haki yake. Habari ya Lindi wataizungumza wenyewe, baba na mwana, lakini sasa mwana atakuwa anazungumza na mtu mwenye akili zake.

Wewe usiharakishe kuaga. Mzee akianza kukuonyesha kwa kidole, huu mstari, na huu, kaa umsikilize mpaka amalize.

Mama Violet