Nta kwenye Geji ya Moto

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Tumerudi Itigi na mzigo mwingine wa Operesheni, hii ya kuhamishia watu kwenye vijiji vipya: kaya tatu kutoka huko Rungwa, kuku, vinu, mizinga ya nyuki. Katikati ya vichaka mshale wa geji ya moto, ile inayoonyesha joto la injini, ukaanguka tena kwenye baridi. Ukalala. Baadaye ukaruka wenyewe. Nimegonga kioo kwa kidole kama daktari. Umenidharau.

Njiku, kaka wa mke wangu na utingo wangu, akasema, "Geji imejifunza kwako, shemeji. Inasinzia kazini."

Watu nyuma wakacheka. Nami nikacheka. Lakini boneti ilikuwa inanuka.

Jumanne, 6 Agosti

Nimebadilisha waya mzima. Nikajisifu kwa mke wangu mpaka akaniambia nile kwanza. Jioni nikaenda kuteka maji na lori. Kwenye makorongo mshale ukalala.

Chakula nimekula bila kujisifu.

Ijumaa zamu ya kuhamishwa ni ya kitongoji cha mama mkwe. Njia yote ile haina kisima. Gari likichemka huko bila mimi kujua, nimeua watu. Sipendi kuandika hivyo, ila ndivyo.

Jumatano, 7 Agosti

Nimeugusisha ule waya kwenye bodi ya gari: mshale ukaruka mpaka mwisho. Basi geji nzima, waya mzima. Kilichobaki ni kile kidude cha shaba kinachochovya maji ya injini na kupeleka habari kwenye geji. Nikakifungua.

Nyuzi zake za kukazia zimeviringishiwa kamba ya gome na kuzibwa nta. Nta ya nyuki! Wiki tatu zilizopita Njiku aliona panavuja, akapaziba kama anavyoziba mzinga wake. Maji hayakupita tena. Umeme nao haukupita. Ili kidude kile kifanye kazi, lazima shaba yake iguse chuma cha injini. Gari likirushwa, inagusa. Likitulia, nta inatenganisha.

Nimemwambia injini haitoi asali. Amekasirika kidogo. "Lakini ilivuja tena?" Haikuvuja.

Mimi naye, wiki tatu tumeendesha kama vipofu.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimesafisha, nikafunga, nikajaribu gari mpaka relini na kurudi. Geji inafanya kazi. Ndiyo balaa lenyewe. Mshale umepanda mpaka kwenye nyekundu na haushuki. Rejeta inatoa mapovu. Gasketi ya injini imekwenda. Kumbe kila mshale ulipolala, injini ilikuwa inaungua.

Nikamwendea ofisa wa Operesheni, Njiku nyuma yangu. Kijana mstaarabu, hapandishi sauti.

"Ndugu dereva, jana ilionyesha baridi. Leo umeigusa, inaonyesha moto. Nani kaharibu?"

Nikaeleza. Nadhani nilieleza vibaya, huwa nachanganya maneno nikiogopa. Akamgeukia Njiku. "Ndugu, irudishe ilivyokuwa."

Funguo amempa Njiku. Mimi nipumzike nyumbani mpaka niitwe. Neno hujuma hakulitamka. Aliliacha likae pale mezani.

Njiku akarudisha nta. Nikamwambia asiende. "Shemeji, ni mama yangu. Nisipoenda mimi ataletwa na nani? Nyumba za huko wanazichoma keshokutwa." Nikampa madebe yote ya maji niliyokuwa nayo.

Jumamosi, 10 Agosti

Walitakiwa kufika jana usiku. Hakuna muungurumo. Mke wangu yuko barabarani tangu asubuhi, anatega sikio. Hanilaumu.

Nilikwenda ofisini. Ofisa yuko safarini.

Jioni. Hakuna.

Nimeazima punda wa jirani na madebe yake. Naondoka alfajiri, madebe migongoni mwao. Atakayeniita nyumbani hatanikuta.

Jumatatu, 12 Agosti

Nimewakuta jana, jua likiinama.

Lori limesimama katikati ya barabara, boneti wazi, injini imekufa. Mshale kwenye baridi. Watu wamejibanza kwenye kivuli chake. Madebe yamekwisha; wamefungua rejeta wakanywa yale maji ya kutu. Njiku alikuwa ameketi kwenye gurudumu, midomo imepasuka. Hakunitania. Nikamnywesha kidogo kidogo. Akanionyesha kwa kidevu upande wa pili: mtoto mchanga wa jirani yao, amefunikwa kanga hadi usoni. Mama yake ameketi kando.

Kwetu mtu hampi mkwe wake chombo mkononi. Unakiweka chini, unageuka, anakuja kukichukua. Nikajaza kikombe, nikainama kukiweka mchangani.

"Lete," akasema mama mkwe. "Kitamwagika."

Akakipokea mkononi mwangu. Akanywa taratibu, akinitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Mimi ndiye niliyeangalia chini.

Akanirudishia kikombe. Nikajaza cha mwingine.