Mtihani wa Mashine ya Kupumulia

Jumanne, 3 Novemba 1998

Tumaini amemwaga uji kitandani. Nimefua shuka, nimembeba mgongoni, nimemwacha kwa Mama Salma chumba cha pili. Kalia kidogo. Sikugeuka nyuma, nikigeuka siondoki. Kwenye basi nimesimama mpaka hospitali, macho yanafumba yenyewe.

Leo Mwalimu Liang kanisainia fomu ya mtihani. Sharti lilikuwa nimhudumie mgonjwa wa mashine ya kupumulia kutwa nzima, yeye akae pembeni asiguse kitu. Nimepewa dereva wa lori, mapafu yamejaa makohozi. Nimemnyonya makohozi kwa mrija, nimemgeuza, nimesoma mishale ya mashine. Mwalimu hakugusa. Kwa hiyo mtihani nafanya.

Sikufurahi. Nimechoka tu.

Ijumaa, 6 Novemba

Baba Tumaini karudi kutoka soko la nguo la Shisanhang na marobota mawili ya suruali. Anasema laoban, mwenye duka, wa safari hii mgumu, kila bei jibu ni "meiyou", hakuna. Kacheka mwenyewe.

Tiketi za nyumbani ni za tarehe 28, sote watatu. Hospitali yetu Dodoma ina mashine mbili za kupumulia za msaada, mpaka leo zimefunikwa nailoni. Hakuna anayejua kuziendesha. Mganga Mkuu aliniruhusu nimfuate mume wangu huku kwa sharti nirudi na cheti. Bila cheti hanikabidhi. Ana haki. Asiyekijua kile kitu anaua mtu.

Nikianguka, mtihani mwingine ni mwezi wa nne. Sitaki kuuwaza.

Jumapili, 8 Novemba

Kanisani sikwenda. Nimesoma. Herufi za Kichina nazisoma polepole kama mtoto wa darasa la kwanza.

Nimerudia kazi ya mrija kwa kutumia mrija wa zamani na chupa ya soda. Mkono wa kulia unashika mrija wa kunyonyea, basi. Ukigusa kingine chochote umechafuka, unavua glavu unaanza upya. Vingine vyote ni kazi ya mkono wa kushoto. Hapo ndipo wengi wanaangukia.

Mama Salma ni mtu wa Kariakoo, ananunua midoli ya biashara mtaa wa Yide Lu. Kanikuta nasonga ugali huku nasoma.

"We mwanamke, siku moja utatupikia mapafu."

"Utakula?"

"Kwa njaa hii? Nitakula."

Tumaini naye kacheka. Hajui anachekea nini.

Jumatano, 11 Novemba

Mtihani wa kuandika. Maswali mawili sikuelewa hata yanauliza nini. Mengine nimejibu. Kichwa kinauma.

Alhamisi, 12 Novemba

Vitendo. Mgonjwa ni sanamu la plastiki lenye mrija kooni. Msimamizi ni bibi mwenye mvi tupu, mfupi, anasema kwa sauti ya chini. Katikati ya kazi bibi akanipa chupa ya maji ya chumvi. Nikapokea, nikaendelea. Nimemaliza kabla ya muda. Akaniitikia kwa kichwa.

Nimefaulu, naona. Baba Tumaini kanunua bata wa kuchoma. Tumaini kala ngozi yote.

Jumatatu, 16 Novemba

Maandishi nimepita. Vitendo nimeanguka.

Nilidhani wamekosea jina. Mwalimu Liang kanipeleka pembeni. Akaniuliza ile chupa nilipokea vipi. Sikukumbuka. Akanionyesha alivyoandika yule bibi: nilipokea kwa mkono wa kulia, nikainama kidogo, wa kushoto nikaushika kwenye kiwiko. Kisha kwa mkono uleule nikaingiza mrija kifuani kwa mgonjwa.

Nikamwambia kwetu mtu mzima akikupa kitu hupokei kwa kushoto. Hata mtoto wa miaka miwili anajua. Tumaini nilimchapa kikofi kwa hilo.

Akasema, "Hata sisi tunapokea kwa mikono miwili, tangu utotoni. Yule bibi anajua. Ndiyo maana kila mtu anampa ile chupa."

"Na wengine walifanyaje?"

"Walimwambia asubiri."

Kumwambia bibi wa mvi asubiri. Haikunijia kabisa. Na Mwalimu Liang ni mdogo kwangu, tukifanya mazoezi hakuwahi kunipa kitu nikakipokea kwa heshima. Sina wa kumlaumu. Mgonjwa wa kweli angepata homa ya mapafu kwa adabu yangu.

Jumatano, 18 Novemba

Baba Tumaini kasema, "Turudi tu, mama. Umejaribu." Kasema kwa upole.

Nimemwambia nabaki mpaka mwezi wa nne. Nikirudi bila cheti zile mashine zitakaa kwenye nailoni mpaka nizeeke. Akauliza mtoto atakaa na nani nikiwa wodini. Mama Salma naye anasafiri Desemba. Nikataja huyu, nikataja yule. Mwisho sikuwa na wa kumtaja.

"Basi naenda naye kwa mama yangu," akasema.

Nimemchukia kwa sababu kasema kweli. Baadaye nikamkunjia nguo zake. Za mtoto nimeshindwa, kakunja yeye.

Jumatano, 25 Novemba

Nimemfundisha Tumaini kulala bila kunishika sikio. Siku tatu sasa. Analia, naondoa mkono wake, naimba. Huko hatakuwa na sikio langu. Jana kanyamaza mapema. Vizuri. Inauma.

Jumamosi, 28 Novemba

Uwanja wa ndege. Nilimpa Baba Tumaini mtoto akiwa macho, sikutaka azinduke asinione. Nikamwambia mama anabaki kazini. Akasema, "Kazini," akanipungia. Alilia walipofika kule mbele, nilimsikia. Nilisimama mpaka sauti ikaisha, nikapanda basi.

Jumapili, 29 Novemba

Nimelala usiku kucha, mara ya kwanza tangu nijifungue. Nimeamka jua liko chumbani, mwili mwepesi. Hicho ndicho kilichoniliza.

Nimefagia. Nimekaa mezani. Chai nimeinywa ikiwa bado moto.