Konokono wa Mfereji Wetu

Kwa dada yangu Kaveke,

Natangaza rasmi kwamba jogoo uliyeniachia amestaafu. Siku hizi mimi ndiye ninayemwamsha.

Sasa cheka vizuri. Miaka yote nimekutania kwamba ulienda chuo kikuu ukahesabu minyoo ndani ya konokono wa mikoko huko Kilifi. Basi konokono wa mfereji wetu wa nyanya wamekulipizia. Nilianza kukojoa damu. Watu wote hapa Kambu wakasema nimeokota ugonjwa kwa wanawake wa Mtito Andei, na mzee wa kanisa, Ndolo, akanitoa kwenye kwaya.

Kwenye zahanati waliniambia ni kichocho, wakanipa dawa. Jumapili nikasimama katikati ya ibada: "Ni minyoo ya konokono! Na sisi wote tunakanyaga maji yale yale. Kwaya sitoki!"

Watakuambia nilinguruma. Ukweli ni kwamba sikungoja hata amina, nikakimbilia nje. Ndolo akanifuata, akaninong'oneza, "Mbithi, hiyo dawa wanapeana wapi?"

Jumatatu nilimpeleka. Alitaka tupite nyuma ya maduka. Nilimpitisha katikati ya soko.

Kaka yako, bado sauti ya besi,
Mbithi