Mwenye Wimbo wa Kupura Ulezi

Jumatatu, 2 Juni 1975
Sumbawanga. Baridi haina adabu. Asubuhi nzima nimechora. Kila mwimbaji wa wimbo wa kupura ulezi ni nukta. Aliyemfundisha, nukta nyingine. Kati yao mstari. Vijiji sita sasa. Ndugu Anyosisye, mkuu wangu hapa ofisi ya utamaduni, ameinama juu ya karatasi akacheka. "Utando wa buibui huo, dada. Mimi nataka jina la mwenye wimbo." Analitaka Ijumaa ya wiki ijayo, liingie kwenye kitabu cha nyimbo za mkoa.

Jumatano, 4 Juni
Matai. Wazee watatu, kila mmoja anadai wimbo ni wa baba yake. Nusura wagombane. Nikabadili swali: ulimsikia nani kwanza akiuimba? Wote watatu, kwa aibu: Skolastika, yule mama wa vyungu.
Nimefurahi mpaka nimesahau kula.

Alhamisi, 5 Juni
Mwazye, kwao Skolastika. Hayupo. Nyumba imebaki kuta. Watu walipohamia vijiji vya ujamaa alimfuata mwanawe bondeni, labda Kaoze. Hakuna mwenye hakika. Mistari kumi na mmoja inaishia kwake, na sijui kama yu hai.

Jumanne, 10 Juni
Siku nne Sumbawanga bila gari. Nimenuna, nimemfokea hata mhudumu wa chai. Jioni dereva wa Landrova ya idara ya mifugo kakubali kunishusha Kaoze kesho. Nimemwomba mhudumu radhi.

Jumatano, 11 Juni
Yu hai. Mfupi, mcheshi, udongo mpaka viwikoni. Nilipomwambia nimefuata wimbo, alicheka. "Mimi si mwimbaji, mwanangu. Nilikuwa nauza vyungu." Alilala kijiji hiki akajifunza wimbo, akalala kijiji kile akauimba wakati wa kupura. Basi. Wenye wimbo wa kwanza hata yeye hawajui.
Akataka kujua karatasi inasema nini. Nikamsomea nukta moja moja. Nilipofika Maria wa Matai akanishika mkono. Shoga yake. Walipotezana wakati wa kuhama, akaambiwa amefariki. Nikamwambia Maria huyo alinipa togwa wiki iliyopita, tena alinisimanga kwa kunywa kidogo.
Tumelia. Kisha tumecheka sana.

Ijumaa, 13 Juni
Nimemwambia mkuu mwenye wimbo hayupo; yupo aliyeubeba. Amekunja uso, amekaa na karatasi muda mrefu, kidole kikifuata mistari. Mwishowe kauliza kama nyimbo za kwao Tukuyu zaweza kuchorwa hivyo. Karatasi itaingia kitabuni nzima.
Nimetembea kurudi nyumbani nikipiga mluzi kama mtoto.

Jumapili, 29 Juni
Matai, baada ya misa. Skolastika amefika jana na lori la mahindi. Yuko uani kwa Maria, wanapukuchua. Hawaimbi. Wanaulizana nani kahamia wapi, nani kazaa, nani kaoa. Wakanisogezea kigoda na ungo wa mahindi. Nimekaa nao mpaka jua likapoa.