Spika ya Baba Iko Naro Moru

Kiganjo,
Jumapili baada ya kanisa.

Mama mpendwa,

Kabla sijasema lolote, niambie goti lako linaendeleaje, na kama ile dawa ya kuchua niliyompa mdogo wangu Mudaki ilikufikia au aliisahau ndani ya basi kama kawaida yake. Ng'ombe je, amezaa? Mimi mwanao ni mzima. Baridi ya huku mlimani imenifundisha kulala na soksi, lakini afya ninayo na ugali napata, ingawa majirani zangu wangependa nile viazi asubuhi, mchana na jioni.

Najua umesikia kwamba nyumba yangu imejaa vyuma. Aliyekuambia hakusema uongo. Siku hizi vijana wa Nyeri wanataka disko, mtu mmoja na santuri zake, na mabaa yaliyokuwa na bendi yanauza vyombo vya jukwaani ovyo ovyo. Mimi navinunua. Nina maikrofoni mbili zenye vichwa kama ngumi, ngoma iliyopasuka upande mmoja, na amplifaya ya zamani ambayo lazima uiwashe, ukaoge, urudi, ndipo ianze kutoa sauti. Mwalimu Wachira, ninayefundisha naye shule moja na kupakana naye nyumba, huniuliza, "Ati Jumba, unafungua baa ama unafungua kanisa?" Mimi humwacha acheke.

Kununua vitu hivi kuna ujanja wake. Hutakiwi kuonyesha hamu. Unakitukana kitu kwanza: kimeoza, kimeliwa na panya, nakichukua kukusaidia kufagia tu. Ujanja huu ulinifaa sana mpaka Jumamosi iliyopita. Waliosema mdomo uliponza kichwa walikuwa wananijua mimi.

Nilikwenda Naro Moru kwa mzee mmoja anayeitwa Gathogo, mwenye hoteli kando ya barabara na ukumbi wa dansi nyuma yake. Nilisikia ana spika kubwa. Kweli ilikuwa pembeni, imefunikwa gunia, kuku amelala juu yake. Hata sijaifunua, nikaanza. "Mzee, hii ni takataka. Ni kuni tu." Yeye akanywa chai yake. Nikavuta gunia.

Mama, sikia hili. Mbele ya ile spika kuna kitambaa cha maua ya manjano. Ni pazia lako la chumbani, lile ulilolikata mwenyewe Baba alipoleta spika iliyochanika, ukamshonea huku ukilalamika kwamba unamshonea shetani nguo. Uzi mweupe ulipoisha, ulimalizia na wa buluu. Ule wa buluu bado uko pale pale. Nilipiga magoti kwenye mavi ya kuku nikaugusa, na machozi yakanitoka, sikujificha.

"Mzee, hii ni ya marehemu baba yangu," nikasema.

"Saa hii umesema ni kuni," akanijibu. "Sasa imekuwa ya baba?"

Nikamweleza yote: jinsi bendi ya Baba, yeye akipiga besi, ilivyokuja kuwapigia askari na makarani wa kwetu walioajiriwa huku, lori likashindwa na matope, wakaiacha spika kwa uzito wake, na bendi ikavunjika kabla hawajairudia. Jinsi Baba alivyosema kila Krismasi kwamba ataifuata, mpaka Mungu akamwita. Nikamweleza habari za pazia na uzi. Mzee akainama, akauangalia ule uzi, akaguna, kisha akaniitishia chai.

"Mwarimu, nimekuamini," akasema. "Uko na meno kama ya yule mtu wa besi. Huyo alikuwa anacheka sana. Lakini sikupatii."

"Kwa nini, Mzee?"

"Aliniambia hii kitambaa ni ya bibi yake. Ati bibi hapendi muziki, lakini alikata pazia yake. Basi hii kitu ni ya watu wawili, na mmoja bado ako. Watu wa disko walikuja hapa na pesa, nikawafukuza. Nikipatia wewe, halafu mama yako akuje kuniuliza, nitasema nini? Wacha akuje mwenyewe."

Nikamwambia unakaa mbali, una goti, na tangu uzaliwe hujaingia ukumbi wa dansi.

"Hiyo si shida," akasema. "Dansi iliisha. Ataingia kama mtu amekuja kuchukua kitu yake."

Mama, naitaka spika hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kukusanya. Na hatuna muda mrefu, maana mwaka ukiisha wana wa Mzee wanageuza ukumbi ule kuwa stoo ya viazi. Nakuomba uje shule zikifungwa. Mudaki atakuleta. Nitabeba amplifaya yangu tuiunganishe palepale, niazime gitaa la besi nikupigie wimbo mmoja wa Baba. Nitaupiga vibaya, lakini utautambua.

Nisalimie shangazi Kageha, mwambie kwaya yake isiniombee sana, sijapotea. Nisalimie Mudaki na mkewe mgeni ambaye sijala chakula chake bado. Babu naye umpe tumbaku niliyofunga ndani ya bahasha hii.

Na usinijibu kwamba wewe muziki wa Baba huujui. Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Jumapili moja nikiwa mtoto, Baba alinichukua kwenye bugi, dansi ya mchana, huko kwetu katika ukumbi wa soko la Luanda. Sakafu imemwagiwa maji kutuliza vumbi, watu wamevua viatu wanacheza. Wewe baada ya kanisa ulikuwa umetuaga kwamba unakwenda kumwona mgonjwa. Nilipoinua macho, nikakuona nje ya dirisha, Biblia kwapani, kitambaa cha kanisa kichwani, na mguu wako ukipiga chini pamoja na besi. Nikataka kukuita. Baba akanitikisia kichwa ninyamaze. Naye alikuwa amekuona. Wimbo ulikuwa unakaribia kwisha, akawageukia wenzake, akauanza upya tangu mwanzo.

Mwanao akupendaye,
Jumba