Kinyume Tulichomfichia Mamako

Shoga yangu Ruwaida,

Arubaini yako imepita juzi na mimi bado nina hasira na wewe. Nimeona nianze na hilo, maana ulinijua tangu utotoni, tukiwa chuoni na juzuu zetu: siwezi kulia vizuri bila kugomba kwanza.

Duka lako la intaneti pale Vuga limefungwa. Kompyuta zote sita zimefunikwa kwa kanga zako kuukuu, na ile karatasi uliyobandika mlangoni, "Hatuulizi jina", imeanza kupauka. Nimepita mara mbili. Mara ya pili nilijikuta nimesimama natafuta la kukubishia, na wewe hupo. Nililia pale pale barabarani, watu wananitazama.

Umeniacha na ubishi nusu. Rasimu ya kanuni za maduka ya intaneti bado iko mezani kwangu ofisini. Kila duka liwe na leseni, liwe na daftari la wateja, halafu kile kifungu ulichokichukia kuliko vyote: anayetumia programu ya kuvuruga herufi za barua, zisisomeke ila na aliyeandikiwa, aweke ufunguo wake serikalini. Mimi ndiye niliyekiandika. Ulipokisoma ulicheka mpaka ukakohoa. "Kwa hivyo na muuza kanga wa Darajani mtamtaka aandike nani kanunua kanga yenye jina gani, na anamsema nani?" Nikakwambia kanga haimdhuru mtu. Ukasema basi siijui Zanzibar. Nikashika langu, kwamba hakuna atakayesoma barua za watu ovyo, ufunguo utakuwepo tu kwa siku ya haja. Na wewe ukashika lako: hajazaliwa mtu wa kupewa ufunguo wa siri ya mwenzake akakaa nao asifungue. Ukapiga meza kwa kila neno.

Na sisi tulivyojiona mabingwa wa siri! Tangu tuna miaka tisa tunasema kinyume, silabi ya mwisho tunaitanguliza mbele, kalamu inakuwa mukala, duka linakuwa kadu. Tukikaa barazani kwenu Kikwajuni tunachambua mchele, tunamsengenya kila apitaye, na Bi Zuhura, mamako, yuko pembeni anashona, hana habari. Ulikuwa ukisema hiyo ndiyo programu yetu ya kwanza, na haina leseni.

Kwa kinyume hicho hicho ndivyo ulivyonambia. Jikoni, mamako anakuna nazi. Ulisema una uvimbe kwenye ziwa, hapo kifuani, na daktari amekwambia umechelewa. Ziwa kwa kinyume ni wazi. Mimi nikadhani unasema mlango uko wazi, nikageuka kuutazama. Ukacheka, Ruwaida. Hata siku ile ukacheka. Kisha ukasema, "Mama easiju." Mama asijue. Alishamzika babako na kakako ndani ya mwaka mmoja, na hukutaka akuzike kila siku kabla ya siku yenyewe. Nikakubali. Miezi saba nimekaa mbele ya mamako namwambia una vidonda vya tumbo.

Na asubuhi ya mwisho, yeye amekushika kichwa, mimi nakukanda miguu, ukanambia kwa kinyume nikutakie radhi kwa mama ukishaondoka, kwa kuwa umemficha. Hukuweza kumtaka mwenyewe bila ya kumwambia kwa nini. Ukaondoka kabla ya adhuhuri. Mtoto kuondoka bila radhi ya mamake! Nilibeba mzigo huo siku arubaini, sikulala wala sikula vya kueleweka.

Juzi, baada ya khitma, wageni walipoondoka, nilibaki kuosha masinia. Nilikuwa tayari anifukuze. Kwa kweli nilitaka anifukuze, maana niliona nimemwibia: angejua, mngeagana. Nikaanza kusema, akanikatiza. Akanambia, "Nshajua, mwanangu. Nshajua tangu siku ile ya nazi."

Ruwaida, neno mama likigeuzwa linabaki mama. Ma na ma. Miaka yote ile hatukuliona! "Nlikuwa nnasikia nnatajwa tu," alisema, "mama, mama, basi nkatega sikio. Mwaka haukwisha nshakijua chote." Umbeya wetu wote kausikia huku anatia uzi kwenye sindano. Na siku ya nazi akaendelea kukuna.

Unaikumbuka ile dawa ya asali na habasoda? Eti ana kikohozi, kila asubuhi anaitengeneza, kisha anakupa kijiko: "Hebu onja, nambie imekolea?" Hakuwa na kikohozi. Wala paa la chumbani kwake halikuwa likivuja, alitaka tu kulala karibu yako. Nilimuuliza kwa nini hakusema. Akafuta mikono kwa kanga. "Alitaka nsijue. Nlikuwa na lipi jengine la kumpa?"

Kwa hivyo ulikosea, huyo mtu wa kukaa na ufunguo wa siri alishazaliwa, naye ndiye aliyekuzaa. Lakini usijute, mimi nimekosea zaidi. Wiki ya kwanza baada ya kukuzika nilikaa mbele ya kompyuta yako ya nyumbani nikajaribu maneno ya siri kumi na tatu. Mimi, rafiki yako, niliyekuwa nikisema hakuna atakayefungua ovyo. Namshukuru Mungu yote yalikataa.

Nikamwambia mamako habari ya radhi. Akasema alishakujibu. Nami nilikuwepo, nilimwona ameinama sikioni mwako, midomo inakwenda, nikadhani anavuta uradi. Kumbe alikuwa akikwambia, "Dhira, ngumwana. Dhira." Radhi, mwanangu. Radhi. Ulifumba macho ukatabasamu, na mimi nikadhani maumivu yamepungua.

Ulimsikia, Ruwaida. Mimi naamini ulimsikia.

Jumatatu nakitoa kile kifungu, mkubwa wangu na anune mpaka achoke. Kompyuta yako siigusi tena. Na kila Ijumaa nitakwenda kukaa na mamako barazani, tukutaje kwa Kiswahili kilichonyooka, na kila apitaye asikie.

Lala, shoga yangu. Mungu akulaze pema.

Nasra